Jinsi programu za tovuti zinavyotafuta na kuhesabu maneno

Anayetaka kununua ploti Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, hushauriwa kukagua nambari ya ardhi hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Sehemu moja ya kukagua ni Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo huchapisha ilani za hatimiliki zilizopotea. Nakala zake nyingi sasa husomwa kwenye intaneti, na badala ya kupekua kurasa, wasomaji huandika nambari katika kisanduku cha kutafutia na kusubiri jibu.

Jibu hilo hutolewa na vipande vifupi vya programu viitwavyo funksheni saidizi. Hizi ni kanuni zilizoandikwa tayari ili mtayarishaji wa tovuti asilazimike kuanza upya kila anapotaka kutafuta neno au kuhesabu herufi. Katika PHP, lugha ya programu iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa kwa umma mwaka 1995, funksheni ya strpos hueleza neno linapoanzia, substr_count huhesabu limetokea mara ngapi, na strlen hupima urefu wa maandishi.

Kosa katika kazi hizi linaweza kuwa ghali. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, hatimiliki inaporipotiwa kupotea, Msajili hutangaza ilani, na siku 60 zikipita anaweza kutoa nyingine. Mwenye ardhi ambaye hakuiona ilani hiyo hupoteza nafasi ya kuipinga mapema, naye mnunuzi hukosa onyo kwamba kuna hati mbili.

Nambari zafanana

Nambari za ardhi za eneo hili huandikwa kwa mtindo wa Kajiado/Kitengela/25, yaani wilaya ya usajili, sehemu, kisha nambari ya kipande. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama wake mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo vipande vingi vimekatwa tena na tena. Kila mkato huzaa nambari mpya, na nyingi huanza kwa tarakimu zilezile.

Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipo. Funksheni hizi hulinganisha herufi tu, wala hazijui nambari inaishia wapi. Anayetafuta Kajiado/Kitengela/25 ataletewa pia 250, 2518 na 25064, na hesabu ya substr_count itazijumlisha zote. Dawa yake ni kuweka sharti kwamba kinachofuata nambari kisiwe tarakimu nyingine, kazi inayofanywa na funksheni ya preg_match.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa huficha kilichopo. Strpos huanza kuhesabu nafasi kutoka 0, si 1. Nambari ikiwa mwanzoni kabisa mwa mstari, jibu ni 0, na PHP huichukulia sifuri kuwa sawa na "hapana" mtayarishaji asipolinganisha kwa makini kwa alama tatu za usawa. Tovuti basi hutangaza kwamba ploti haimo kwenye orodha, ilhali ndiyo inayoongoza mstari. Toleo la PHP 8.0 la mwaka 2020 lilileta str_contains, ambayo hujibu ndiyo au hapana pekee. Katika JavaScript, indexOf hurejesha -1 neno linapokosekana, na includes hufanya kazi kama str_contains.

Herufi kubwa na ndogo pia hutenganishwa. Strpos haioni "KITENGELA" kuwa sawa na "Kitengela". Stripos huyaona kuwa neno moja. Nafasi ya ziada kati ya mkwaju na nambari nayo hutosha kuharibu utafutaji. Katika nakala za zamani zilizopigwa picha kisha kugeuzwa maandishi na kompyuta, sifuri huweza kusomwa kama herufi O.

Kiswahili na ritifaa

Lugha yenyewe huongeza ugumu. Anayehesabu neno "mto" atahesabu pia "mtoto". Anayetafuta "kiwanja" atakosa "viwanja", na akifupisha kuwa "wanja" ataletewa "uwanja" pamoja na watu wanaoitwa Wanja. Ni salama zaidi kutafuta umoja na wingi kando kando.

Ritifaa, ile alama iliyo katika "ng'ombe" na katika jina la wadi ya Ewuaso Oonkidong'i huko Kajiado Magharibi, huwa na sura mbili katika kompyuta. Ile iliyonyooka huchukua baiti 1, na ile iliyopinda huchukua baiti 3 katika mfumo wa UTF-8. Kwa hiyo strlen hupima "ng'ombe" kuwa 7 au 9, kutegemea alama iliyotumika, ilhali mb_strlen hutoa 7 nyakati zote. Nayo str_word_count huhesabu neno hilo kuwa moja kwa alama iliyonyooka na mawili kwa iliyopinda.

Tofauti hiyo huonekana katika gharama ya arafa. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiwa na alama iliyopinda kikomo hushuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 hugawanywa mara tatu, mitambo isipoibadilisha alama hiyo kwanza. Shule yenye wazazi 1,000 italipia arafa 3,000.

Mtayarishaji makini hujaribu kazi yake kwa nambari iliyo mwanzoni mwa mstari, nambari iliyo ndani ya nyingine, jina la herufi kubwa na neno lenye ritifaa, kabla ya kuifungulia umma. Kwa mnunuzi, kisanduku kinachosema "hakuna kilichopatikana" kimethibitisha tu kwamba herufi alizoandika hazikuonekana. Hali ya ploti huthibitishwa kwa utafutaji rasmi katika masjala ya ardhi inayosimamia eneo hilo.