NYUMBA ZA UMMA NA WAPANGAJI WAKE KATIKA JIJI LA DAR ES SALAAM

Historia ya usharika wa mjini haiwezi kutenganishwa na historia ya makazi ya washarika wake. Watu walikuja mjini kutafuta kazi, na pale walipopata chumba ndipo walipopata majirani na mahali pa kuabudu. Hivyo inafaa kueleza kwa kifupi jinsi nyumba za umma zilivyojengwa Dar es Salaam, na maisha ya waliokaa ndani yake.

Mji uliogawanywa

Mwaka 1891 utawala wa Kijerumani uliweka kanuni zilizogawa mji kwa kufuata aina ya nyumba iliyoruhusiwa kila upande. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo katika miaka ya 1920: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Waafrika wakatengewa Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Jina la Kariakoo latokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa muda mrefu Serikali ilipima viwanja tu, na wenyeji walijijengea wenyewe. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na kodi ya vyumba vilivyobaki ikawa riziki yake. Wajane wengi waliishi kwa njia hiyo. Mshahara wa mfanyakazi, kwa upande mwingine, ulikadiriwa kana kwamba kila mtu ni kapera aliyeacha familia yake shambani.

Kota za wafanyakazi

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulifurika watu. Mgomo ulioanza bandarini mwaka 1947 ulidhihirisha ugumu wa maisha, na Serikali ya kikoloni ikaongeza juhudi za kujenga kota huko Ilala, Temeke na Magomeni. Vyumba vilikuwa vidogo na mambo mengi yalikuwa ya shirika. Katika maisha hayo watu wa makabila mengi walijifunza kuzikana, kucheza upatu na kuleleana watoto, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani kwa kizazi kilichozaliwa hapo. Magomeni ndipo pia Mwalimu Julius Nyerere alipoishi na familia yake katika miaka ya kupigania uhuru; nyumba yake imehifadhiwa kuwa makumbusho.

Baada ya Uhuru

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano (1964-1969) lilibomoa nyumba za udongo na makuti, na mahali pake likajenga za matofali ya saruji, wenyewe wakilipa gharama kidogo kidogo. Nia ilikuwa njema, lakini sehemu kubwa ya nyumba mpya zilichukua nafasi ya zile zilizobomolewa, na idadi ya vyumba haikuongezeka kama idadi ya watu ilivyoongezeka. Katika miaka ya 1970 Serikali iliacha njia hiyo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ikapima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaboreshwa badala ya kubomolewa.

Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa waliokuwa wamiliki walikuwa watu wenye asili ya Asia. Baadhi yao walibaki kama wapangaji katika majengo waliyojenga wenyewe, na wengine waliondoka nchini. Wakati huo huo familia za Kiafrika zilianza kupanga Upanga na katikati ya mji, sehemu ambazo zamani hazikuwa zao. Furaha ya nyumba moja ikawa majonzi ya nyingine, na historia yapaswa kuyakumbuka yote mawili. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba.

Kaya 644

Uzito wa jambo hili ulionekana tena Magomeni. Kota za zamani zilipobomolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kaya 644 zilitawanyika kwenda kupanga kwingine, zikiahidiwa makazi mapya. Miaka ikapita na uwanja ukabaki mtupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza ujenzi ufanyike, nao ukatekelezwa na Wakala wa Majengo. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa yenye nyumba 644, moja kwa kila kaya. Ndani ya miaka ile ya kungoja, baadhi ya wazee walikuwa wamekwisha kufariki.

Karatasi ya kodi huandika jina la mpangaji na namba ya chumba. Haiandiki aliyemkopesha jirani unga, wala aliyekesha na maiti ya mtoto wa chumba cha pili. Kota inapobomolewa, matofali huweza kufyatuliwa mengine, lakini ujirani wa miaka hamsini hauna fidia. Nabii Yeremia aliwaandikia waliokuwa ugenini kwamba wajenge nyumba, wakae ndani yake, na kuutakia mji ule amani (Yer. 29). Wapangaji wa kota walifanya hivyo katika nyumba zisizokuwa mali yao, na sehemu kubwa ya jiji hili ni kazi ya mikono yao.