Gari au pikipiki ya kampuni kwa wauzaji: Mambo ya kujua kabla ya kupokea ufunguo

Umepata kazi ya kuuza magari au pikipiki. Siku ya kwanza bosi anakupa ufunguo na kukwambia, "Hii utatembelea." Mtaani wanaona umeshapanda chati. Lakini kama hamkuandikishana kitu, ufunguo huo unaweza kuja kula mshahara wako.

Kwa mtu wa Sikonge hili sio jambo la mbali. Mji uko kama kilomita 70 kusini mwa Tabora mjini, na lami ya kwenda Mpanda imepita hapo. Wateja wengi wako vijijini: wakulima wa tumbaku, warina asali, vijana wa bodaboda. Hela ya tumbaku ikiingia, muuzaji anatakiwa awe Tutuo asubuhi, Ipole mchana, na kesho yake Kitunda. Bila chombo cha moto hauzi kitu. Ndiyo maana swali la nani anamiliki chombo, nani anajaza mafuta na nani analipa kikiharibika ni swali la mshahara.

Aina nne za marupurupu haya

1. Gari la demo. Ni gari la kuuzwa ambalo mteja huonyeshwa na kulijaribu barabarani. Kampuni nyingine humruhusu muuzaji kurudi nalo nyumbani. Likiuzwa, unapewa lingine au unatembea kwa miguu.

2. Chombo cha kazi. Ni gari au pikipiki uliyokabidhiwa wewe kwa ajili ya kufuata wateja. Mali ni ya kampuni, kadi ina jina la kampuni.

3. Posho ya usafiri. Unatumia chombo chako, kampuni inakupa hela kila mwezi au inakurudishia kwa risiti.

4. Punguzo au mkopo wa kununua. Unauziwa chombo kwa bei ya mfanyakazi, na unakatwa kidogo kidogo.

Jua uko kwenye kundi lipi, maana sheria inayatazama tofauti.

Kodi: ukirudi nalo nyumbani, TRA inahesabu

Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, gari la mwajiri unalolitumia kwa mambo yako binafsi, hata kwa sehemu tu, ni sehemu ya mapato yako. Ukilitumia kwa kazi peke yake na kulilaza kwenye yadi, hilo sio marupurupu.

Uzuri wa Tanzania ni kwamba hakuna kukadiria bei ya gari. Kuna viwango vya mwaka, kulingana na ukubwa wa injini na umri wa gari:

- Injini isiyozidi cc 1,000: Sh250,000 kama gari lina chini ya miaka 5, Sh125,000 kama limezidi miaka 5.
- Zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000: Sh500,000, kuukuu Sh250,000.
- Zaidi ya cc 2,000 hadi 3,000: Sh1,000,000, kuukuu Sh500,000.
- Zaidi ya cc 3,000: Sh1,500,000, kuukuu Sh750,000.

Angalia vizuri: hizo sio kodi. Ni kiasi kinachoongezwa kwenye mapato yako ya mwaka, kisha kodi inapigwa juu yake.

Tuchukue mfano. Mshahara wako ni Sh700,000 kwa mwezi. Ukitoa mchango wa NSSF wa asilimia 10, inabaki Sh630,000 ya kukatwa kodi. PAYE yake ni Sh42,000. Sasa umepewa gari la cc 1,500 lenye zaidi ya miaka 5. Sh250,000 ukigawa kwa miezi 12 ni kama Sh20,833. PAYE inapanda hadi kama Sh46,167. Kwa hiyo gari limekugharimu kama Sh4,167 kwa mwezi.

Gari hilo hilo likiwa na chini ya miaka 5, nyongeza ni kama Sh8,333 kwa mwezi. Na kama ni pikapu ya cc 2,400 iliyo mpya, nyongeza ni kama Sh16,667. Muuzaji anayebadilishiwa magari ya demo mara kwa mara aangalie slipu yake: akitoka kwenye gari dogo kwenda kwenye pikapu, makato yanapanda hata kama mshahara haujaongezeka.

Kuna msamaha mmoja ambao wengi hawaujui. Kama mwajiri haombi kupunguziwa kodi kwa gharama za kumiliki, kutunza au kuendesha gari hilo, basi haliingizwi kwenye mapato yako. Muulize mhasibu gari lako liko upande gani.

Majirani wanafanyaje? Kenya hutumia asilimia 2 ya bei ya kununulia gari kwa kila mwezi, au kiwango cha mamlaka ya kodi kama ni kikubwa zaidi. Gari la Sh1,500,000 za Kenya linaongeza Sh30,000 za huko kwenye mapato ya mwezi. Ujerumani wana kanuni ya asilimia 1 ya bei ya orodha kwa mwezi. Kwa viwango hivyo, muuzaji wa Tanzania anakatwa kidogo.

Posho ya mafuta: risiti ina thamani

Hapa watu wengi wanapoteza hela. Ukipewa posho ya usafiri ya mkupuo, tuseme Sh100,000 kila mwezi bila kuulizwa matumizi, hiyo ni mapato kama mshahara. Kwa yule wa mfano wetu, PAYE peke yake inachukua Sh20,000.

Lakini ukiweka mafuta sheli kwa ajili ya kwenda kwa mteja, ukaleta risiti na ukarudishiwa kiasi kile kile, hayo ni marejesho ya gharama za kazi. Sio mapato. Kwa hiyo tunza risiti, na andika kwenye daftari: tarehe, ulikokwenda, kilomita za kuondokea na za kurudia. Daftari hilo litakuokoa zaidi ya mara moja.

Kamisheni nayo ni mapato. Usidhani kwamba kwa kuwa unalipwa kwa kila pikipiki uliyouza, basi hela hiyo haina kodi.

Neno "posho" ni la njia hii hii

Watu wa Tabora wana historia na jambo hili. Karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya pwani, Ujiji na nchi za Ziwa Victoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kazi hasa, wanajua bei yao. Walikuwa wakipatana ujira wa safari, na mbali na ujira kulikuwa na posho: chakula cha siku, mara nyingi kibaba cha nafaka, au kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani.

Mpagazi hakukubali posho igeuzwe kuwa ujira. Kula njiani ni gharama ya msafara, ujira ni wake wa kurudi nao nyumbani. Muuzaji wa leo naye ashike hapo hapo. Mafuta ya kwenda Kitunda kumwonyesha mteja pikipiki ni gharama ya kampuni. Mwajiri akikwambia "mshahara ni mdogo lakini si una pikipiki", anachanganya vitu viwili.

Chombo kikiharibika: hawaruhusiwi kukata tu

Umeteleza kwenye mchanga wa njia ya kijijini, taa na shoo ya mbele vimevunjika. Mwisho wa mwezi unakuta mshahara umekatwa nusu. Je, ni halali?

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaweka masharti. Ili mwajiri akate mshahara kwa ajili ya hasara:

- Hasara iwe imetokea ukiwa kazini, na iwe ni kosa lako.
- Akuandikie kilichosababisha, kiasi na jinsi alivyokipata.
- Akupe nafasi ya kutosha ya kupinga.
- Deni lisizidi hasara halisi.
- Jumla ya makato isizidi robo ya malipo yako ya fedha.
- Uwe umekubali kwa maandishi.

Kwa mshahara wa Sh700,000, robo ni Sh175,000. Kama matengenezo ni Sh420,000 na umekubali kwamba kosa ni lako, hawawezi kuyakata yote mwezi mmoja. Mnaweza kuandikishana Sh140,000 kwa miezi mitatu.

Na kama umeumia ukiwa kazini, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake unalipwa na mwajiri, hautakiwi kutoka kwenye mshahara wako. Toa taarifa mapema, usikae nyumbani kujiuguza kimya kimya.

Bima, leseni na faini

Kabla ya kuwasha, hakiki mambo matatu.

Bima. Bima ndogo ndiyo lazima kwa sheria, lakini inalipa madhara ya mtu mwingine tu. Chombo chenyewe kikiharibika au kikiibwa, inayosaidia ni bima kubwa. Kama kampuni imekata ndogo, uliza nani anabeba hasara. Kwa gari la demo, uliza pia kama bima inamhusu mteja anayelijaribu, maana yeye ndiye atakayeshika usukani.

Leseni. Daraja lako lilingane na chombo. Mwenye leseni ya gari peke yake akipewa pikipiki ya kampuni, bima inaweza kukataa kulipa.

Faini. Faini za trafiki zinafuata namba za chombo. Ukipokea pikipiki iliyokuwa na mwenzako, angalia kwanza deni kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba hizo, na mwandikishane tarehe ya makabidhiano. Hapo hutalipa makosa ya mtu mwingine.

Piga picha pande zote na dashibodi ikionyesha kilomita. Zitume kwa bosi siku hiyo hiyo. Ni dakika mbili tu.

"Wewe sio mfanyakazi, ni wakala"

Hili linawapata wengi wanaouza kwa kamisheni. Hakuna mkataba, hakuna NSSF, ila pikipiki ya kampuni ipo na kila asubuhi unatakiwa kuripoti.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi kama kuna hata kigezo kimoja kati ya kadhaa. Miongoni mwake: kazi yako inaelekezwa na mtu mwingine, saa zako zinapangwa naye, unamtegemea yeye kwa kipato, au amekupa vifaa vya kazi. Pikipiki ya kufuatia wateja ni kifaa cha kazi. Mwajiri anaweza kuleta ushahidi wa kupinga, lakini mwanzo unasimama upande wako.

Sheria ya ajira pia inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi, yakiwemo mshahara na marupurupu yasiyo ya fedha taslimu. Mkifika kwenye shauri na akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unakuwa wake.

Ukinunua chombo cha kampuni

Ukiuziwa gari la demo kwa bei ya chini ya soko, tofauti hiyo nayo inaweza kuhesabiwa kuwa mapato yako. Ukikopeshwa na mwajiri bila riba, mkopo wa chini ya miezi 12 usiozidi mishahara yako ya msingi ya miezi mitatu hauongezi kodi.

Jambo kubwa ni kadi. Mpaka umiliki uhamishwe TRA na kadi itoke kwa jina lako, chombo bado ni cha kampuni. Ukiacha kazi katikati ya makato bila karatasi, utabaki unadai kwa mdomo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupokea ufunguo

- Naruhusiwa kurudi nacho nyumbani na kukitumia Jumapili?
- Mafuta, sevisi na tairi ni za nani?
- Bima ni kubwa au ndogo, na inaisha lini?
- Kitaongezwa kwenye PAYE yangu? Kwa kiwango gani?
- Nikiwa likizo au nikiumwa, nabaki nacho?
- Nikiacha kazi, nakirudisha lini na nani anasaini kukipokea?

Majibu yawe kwenye karatasi. Hata ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko maneno ya barazani.

Mkishindwa kuelewana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi Tabora mjini. Kwa mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 za kupeleka lalamiko. Kwa migogoro mingine, kama makato ya mshahara, ni siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe ruhusa na kueleza kwa nini, kwa hiyo anza kuhesabu siku ile ile ulipokatwa.