Rili ya Baba

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesoma Tanga mjini alinijia na simu yake mkononi, akitaka nimsaidie kuchagua rili ya kuvulia. Alikuwa amejiwekea shilingi 120,000, na katika simu ile zilipangwa rili chungu nzima, zote zinang'aa, zote za bei nafuu, na kila moja ikidai kuwashinda wenzake. Nilimwambia aniache mpaka kesho. Alishangaa, kwani alidhani ameniuliza jambo dogo. Hakujua kwamba swali lile lile nilipata kulijibu miaka 40 iliyopita, nikalijibu vibaya, na aliyelipia kosa langu alikuwa baba yangu mzazi.

Naomba msomaji asiyejua uvuvi anivumilie kidogo. Rili ni chombo kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia ili kiviringe mshipi. Ziko za namna nyingi, lakini ninayoisema hapa ni ile inayokaa juu ya ufito, bobini yake imelala kukingama. Naiita bobini kwa sababu dada yangu alikuwa fundi cherehani, na tangu utotoni sikujua jina jingine la kitu kinachoviringiwa uzi. Ukirusha chambo, bobini hiyo huzunguka yenyewe kwa kasi na kuuachia mshipi uende. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo ndipo balaa lake lilipo. Chambo kikianza kupunguza mwendo angani, bobini haina habari. Huendelea kutapika mshipi usio na pa kwenda, na kufumba na kufumbua umeshika mkononi fundo ambalo hata msusi mwenye subira atalitupa. Kinachozuia janga hilo ni kidole gumba, kinachoigusa bobini kwa wepesi na kuisimamisha kwa wakati wake. Breki nyingine zote zilizobuniwa baadaye ni wasaidizi wa kidole hicho.

Baba alikuwa mvuvi wa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Maisha yake yote alivua kwa mshipi wa mkono, ndani ya ngarawa, bila ufito wala rili. Mwaka 1984, nikiwa masomoni Marekani, dada aliniandikia kwamba kolekole mkubwa aliuchukua mshipi kwa kishindo ukamkata Baba kiganja cha kushoto. Kidonda kilifunga, lakini vidole vitatu vilibaki vimekunjika, havinyooki. Chini ya barua aliongeza maneno ya Baba mwenyewe: "Mwanangu, mkono haukubali tena kuvuta. Nasikia huko kuna mashine."

Mji niliokuwa nikisoma ni Kalamazoo, katika jimbo la Michigan. Kwa bahati, kama kuna miji miwili au mitatu duniani ambayo mtu angestahili kwenda kuuliza habari za rili, huo ni mmoja wao. Mwaka 1897 mtu mmoja aitwaye William Shakespeare alianzisha hapo kampuni ya zana za uvuvi. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilidhani natiwa mzaha, maana Shakespeare niliyemjua mimi ni yule ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri kwa Kiswahili. Huyu wa Kalamazoo hakuandika tamthilia. Sifa yake ni kifaa kidogo kinachotembea mbele ya bobini, kwenda na kurudi, kikiupanga mshipi usawa unapoviringwa. Wengine walikwisha kulifikiria jambo hilo kabla yake, lakini yeye aliligeuza kuwa biashara. Kabla ya hapo mvuvi alilazimika kuuongoza mshipi kwa kidole huku akizungusha mkono wa rili, kama dada alivyokuwa akifanya alipojaza bobini ya cherehani, na akisahau kidogo tu mshipi ulirundikana upande mmoja.

Nilipofika mimi kampuni ile ilikuwa imekwisha kuhamia South Carolina, na mto wa mji ulikuwa umechafuliwa na viwanda vya karatasi hata serikali ikawaonya watu wasile baadhi ya samaki wake. Wenyeji walivua hivyo hivyo, wakamtoa samaki, wakamtazama, wakamrudisha majini. Sikuwacheka, lakini kwa mtoto wa Kigombe ilikuwa ajabu kubwa.

Hata hivyo, asili ya rili hii haikuwa Kalamazoo. Rili ambazo bobini huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono ziliuzwa London tangu karne ya 18, lakini Waingereza hawakuzipenda sana, kwa kuwa zilikuwa nzito kuzunguka na meno yake yalikatika. Waliozifanya kuwa chombo cha kweli ni mafundi saa wa Kentucky. Mapema karne ya 19, George Snyder, fundi saa na mfua fedha katika mji wa Paris (si ule wa Ufaransa, bali mji mdogo wa Kentucky), alitengeneza rili ambayo ukizungusha mkono mara 1, bobini huzunguka mara 4. Baada yake wakaja ndugu wawili wa ukoo wa Meek katika mji wa Frankfort, na mwanafunzi wao Milam, ambaye baadaye alipata jina kubwa kama walimu wake.

Kwa nini mafundi saa? Nililitafakari sana swali hili baadaye, nilipokwisha kuumwa na nyoka. Watu wa Kentucky walivua kwa chambo cha visamaki hai, vyepesi, na walitaka kuvirusha mbali. Kisamaki chepesi hakiwezi kuizungusha bobini iliyokaza. Kwa hiyo ilitakiwa ekseli nyembamba iliyonyooka kabisa, ikae kwenye matundu yasiyolegea wala kubana, na meno yaliyochongwa sawasawa. Hizo ni kazi za saa. Fundi alikuwa na zana zake mezani, akaziazima kwa uvuvi.

Rili za namna hiyo zilichongwa moja moja kwa mkono, na wanunuzi wake walikuwa matajiri. Urahisi ulikuja mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vilipoanza kupiga chapa vipande kwa maelfu. Tangu siku hiyo kila mtengenezaji amekuwa akijiuliza swali moja: nipunguze wapi? Na mnunuzi maskini hana budi kujiuliza swali hilo hilo kutoka upande wake: wamepunguza wapi?

Mimi sikujiuliza. Mwishoni mwa mwaka 1984 niliingia katika duka moja la mji ule nikiwa na dola 30, posho niliyoibana kwa miezi miwili. Muuzaji aliniwekea mezani rili mbili. Moja ilikuwa nzito, haina mapambo, imetumika. Ya pili ilikuwa mpya, bapa, nyeusi yenye mistari ya dhahabu, na kasha lake limeandikwa kwa herufi kubwa idadi ya beringi zake na habari za sumaku. Breki ya sumaku ilikuwa ndiyo gumzo la miaka ile. Nilimwuliza kama itafaa baharini. Akasema bila shaka. Nikaipenda ile nyeusi, nami nakiri kwamba sehemu kubwa ya mapenzi hayo ilikuwa kuwaza jinsi watu wa Kigombe watakavyoikodolea macho. Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akirudi nyumbani akanipelekea.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mimi si muumini kamili wa methali hii, na nitaeleza kwa nini. Lakini safari ile upishi ulivunjika kweli. Niliporudi Kigombe katikati ya mwaka 1985 nilimkuta Baba ameketi barazani, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako ilikuwa nzuri," akasema. "Ilivua mpaka mwezi wa tatu."

Hakuongeza neno. Dada ndiye aliyeniambia kwamba rili ilipogoma, alirudia mshipi wa mkono, akiuzungusha kwenye kiwiko ili vidole visiumie, na kidonda kikafunguka tena mara mbili.

Usiku ule niliifungua ile rili juu ya mkeka, taa ya chemli pembeni. Chumvi ilikuwa imeingia kila mahali. Meno ya gurudumu kubwa yalikuwa ya madini laini ya kijivu, yamelika mpaka yakawa kama ufizi wa kibogoyo. Vijipira vya beringi vilikuwa kutu tupu. Wingi wake haukusaidia chochote, maana nane mbovu hazishindi mbili nzima. Ubavu wa plastiki ulikuwa umepinda, kwa hiyo ekseli ikaenda mshazari na kuzidi kuyala meno. Sumaku peke yake ndizo zilizokuwa nzima. Zilinata kwenye kisu changu kwa nguvu zote.

Namshukuru Mungu kwamba sikuwa nimerudi mikono mitupu. Katika majira ya kuchipua kabla ya kuondoka, mzee mmoja wa mtaani kwetu kule Kalamazoo alikuwa akiuza vitu vyake vya zamani uani, naye alikuwa na Ambassadeur nyekundu iliyochubuka ubavuni. Aliniomba dola 12. Niliichukua kama akiba tu, kwa kuwa niliamini ile nyeusi inafanya kazi.

Historia ya rili hiyo nyekundu niliisoma baadaye, na ilinifurahisha kwa namna inavyomrudisha mtu kwa Snyder. Ilitengenezwa Svängsta, mji mdogo wa Sweden, na kampuni ya ABU, ambayo herufi ya mwisho ya jina lake inasimama kwa kiwanda cha saa. Ilianzishwa mwaka 1921 na Carl August Borgström, na kabla ya rili ilitengeneza saa na mita za teksi. Vita Kuu ya Pili ilipoyapunguza magari barabarani, mita zikakosa wanunuzi, wakageukia zana za uvuvi. Ambassadeur ilitoka mapema miaka ya 1950. Ilikuwa na vipande vidogo vinavyosukumwa nje na kasi ya bobini yenyewe ili viipunguze, na mkono wake hauzunguki unaporusha, kwa hiyo haukuvunji vidole. Mafundi saa kwa mara ya pili!

Na hata Wajapani, waliokuja kuyafanya matoleo bapa ya miaka ya 1970 na kuendelea, hawakuwa mbali na ufundi huo. Shimano nayo ilianza mwaka 1921, ikitengeneza kile kigurudumu cha nyuma cha baiskeli kinachokuruhusu uache kukanyaga pedali na tairi liendelee kuzunguka. Ikaingia kwenye uvuvi mwaka 1970. Mtu yeyote aliyepata kukaa kwa fundi baiskeli anaujua uhusiano huo bila kufundishwa.

Asubuhi yake tulikwenda ufukweni, maji yakiwa yanajaa. Nilimwonyesha Baba jinsi ya kurusha, na mrusho wangu wa kwanza ukaishia kwenye fundo kubwa. Alilifungua taratibu bila kunicheka. Kisha akauchukua ufito. Vile vidole vitatu vya kushoto, vilivyokataa kunyooka, viliushika kana kwamba vilikunjwa kwa ajili hiyo. Kidole gumba cha kulia akakilaza juu ya bobini, akarusha, na chubwi ikaenda mbali kuliko yangu na kutua bila fundo lolote. Nilimwuliza nani amemfundisha.

"Si mshipi huu huu?" akasema. "Miaka yote naupitisha kwenye kidole."

Aliivulia miaka 12. Jioni aliiosha kwa maji baridi ya kisima, akaipaka mafuta ya cherehani ya dada tone mojamoja. Alifariki mwaka 1997, na rili iko kwangu mpaka leo.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliporudi siku ya pili, sikumwambia kwamba rili rahisi hazifai. Ningekuwa mwongo. Leo China inatoa kwa shilingi zake zile rili ambazo mimi mwaka 1984 nisingezipata kwa posho ya nusu mwaka. Nilimwambia aache kuhesabu beringi na aache rangi. Atafute iliyoandikwa kuwa meno yake ni ya shaba. Ubavu wake ubonywe kwa vidole, na ukipinda airudishe mezani. Bobini izungushwe ikiwa tupu, na sikio lisikie: ikilia kwa kukwaruza, basi walipunguza kwenye ekseli. Breki inayomwachia samaki mkubwa avute iteleze polepole bila kushtukashtuka. Kasi ya mkono si kitu kwake, kwani anavua tewa, si mashindano. Mengine atayafanya kwa kidole gumba.

Jumamosi alikuja nayo, bado imo kwenye kasha. Sikungoja. Niliitandikia gazeti mezani, nikachukua bisibisi na kuifungua kabla hajairusha hata mara moja, naye akasimama mlangoni ameshika kichwa. Gurudumu kubwa lilikuwa la shaba, njano safi, meno yamekaa vizuri. Nikaanza kumsifu. Akaniuliza, kwa adabu, kama nitaweza kuirudishia ilivyokuwa. Nikamwambia kwanza alete tochi, kwa sababu springi moja ilikuwa imerukia chini ya kabati.