Admirali Aliyeuawa na Serikali Yake

Adhuhuri ya tarehe 14 Machi 1757, bandarini Portsmouth, Admirali John Byng alipiga magoti juu ya mto kwenye sitaha ya manowari Monarch. Hakutaka kufungwa macho. Alikubali baada ya kusihiwa kwamba askari wangeshindwa kumtazama usoni. Alipoangusha leso aliyoishika, bunduki zikalia.

Byng alizaliwa mwaka 1704. Baba yake, Admirali George Byng, alikuwa shujaa wa taifa, na mtoto wa mkubwa hachelewi kupanda: alipelekwa baharini akiwa na miaka 13, na alipofika 23 alikuwa nahodha.

Mwaka 1756 alitumwa kuiokoa ngome ya Waingereza kisiwani Minorca, iliyozingirwa na Wafaransa. Alipewa merikebu kumi zenye upungufu wa mabaharia. Alipokutana na adui tarehe 20 Mei alikuwa ameongezewa nyingine, akawa na manowari 13 za mstari wa vita dhidi ya 12. Zake zilizotangulia zikapigwa vibaya, kisha Intrepid ikavunjika mlingoti na kuzizuia zilizokuwa nyuma yake. Nahodha wa manowari ya Byng mwenyewe, Arthur Gardiner, alimshauri auache mstari amkabili adui. Byng akakataa, akamkumbusha yaliyompata Admirali Mathews, aliyefukuzwa jeshini kwa sababu ya kuvunja mstari huko Toulon mwaka 1744. Aliyajua vizuri: yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa majaji wa kesi ya Mathews.

Siku nne baadaye aliitisha baraza la makamanda, wakaamua kurudi Gibraltar. Mwishoni mwa Juni ngome ikasalimu amri.

London kulichafuka. Serikali, iliyomtuma na merikebu zisizo na watu wa kutosha, ilichapisha ripoti ya Byng ikiwa imeondolewa sehemu zilizoiumbua, na wananchi wakachoma sanamu zake barabarani. Mahakama ya kijeshi ilimsafisha na shutuma ya woga, ila ikamtia hatiani kwa kutofanya kila alichoweza. Kwa kosa hilo, sheria iliyorekebishwa mwaka 1749 ilikuwa na adhabu moja tu: kifo. Majaji wenyewe waliomba ahurumiwe. Mfalme George II akakataa.

Miaka miwili baadaye Voltaire alikikejeli kifo hicho katika riwaya yake Candide. Bunge lilisubiri hadi 1779 kuwaruhusu majaji kutoa adhabu nyepesi zaidi. Mwaka 2007 ukoo wa Byng uliomba asamehewe rasmi. Wizara ya Ulinzi ikakataa.