Mfalme wa siku tano

Hivi kuna mtu mjini hapa asiyemjua kaimu? Kaimu mkurugenzi, kaimu mkuu wa idara, kaimu mhariri. Mimi niliwahi kufanya kazi chini ya kaimu aliyekaimu mpaka wote tukasahau kwamba anakaimu, na yeye mwenyewe akabadilisha mapazia ya ofisi. Kwa hiyo nilipokutana na utaratibu wa kukaimu wa Warumi wa kale, usingizi uliniruka. Wao kaimu wa mkuu wa nchi walimpa siku tano. Si miezi mitano jamani, siku tano! Ya sita anakabidhi.

Cheo hicho kiliitwa interreksi, yaani kwa tafsiri ya haraka haraka, mfalme wa katikati. Hadithi ya Warumi wenyewe inasema kilianza alipokufa Romulus, mfalme wao wa kwanza. Livy, mwanahistoria aliyeandika karne saba baadaye, anasimulia kwamba maseneta 100 walijigawa makumi makumi, wakawa wanatawala kwa zamu za siku tano tano. Mwaka mzima ukapita hivyo, mpaka wananchi wakaanza kunung'unika: zamani tulikuwa na bwana mmoja, sasa tunao mia. Ndipo akatafutwa Numa Pompilius awe mfalme. Kama Romulus alikuwepo kweli au la, tuliache hilo leo. Linalonivutia ni kwamba Warumi waliwafukuza wafalme (kwa hesabu yao, mwaka 509 KK), wakalichukia neno mfalme kuliko ugonjwa, lakini katika cheo hiki wakaliacha palepale.

Baada ya wafalme, nchi iliongozwa na makonsuli wawili, waliochaguliwa kila mwaka. Konsuli ndiye aliyesimamia uchaguzi wa wale wanaomfuata. Sasa je, wakifa wote wawili? Au mwaka ukiisha na uchaguzi haujafanyika? Hapo hapakuwa na makamu wa kuapishwa usiku. Na tatizo kwao halikuwa la kisheria tu, lilikuwa la ndege. Ndiyo, ndege. Mkuu wa Roma ndiye aliyekuwa na haki ya kuwauliza miungu kwa kutazama ndege wanavyoruka na wanavyolia, na bila hivyo uchaguzi ulikuwa batili. Sisi tunaotumia lugha ambayo neno ndege maana yake ni mnyama wa angani na pia ni dalili ya heri au shari, sidhani kama tuna haki ya kuwacheka.

Basi asipokuwepo mwenye madaraka, haki hiyo walisema "inarudi kwa mababa", yaani kwa maseneta wa koo za kale, mapatrisi. Hao walimchagua mmoja wao. Alipewa wapambe 12 wenye mafungu ya fimbo na shoka, sawasawa na konsuli. Lakini wa kwanza, kwa desturi, hakuruhusiwa kuendesha uchaguzi! Kazi yake kubwa ilikuwa kumtaja wa pili. Kuanzia wa pili ndipo kura ziliweza kupigwa. Maelezo ya kawaida ni ya kidini: wa kwanza hakupokea ndege wake kutoka kwa mtu aliyekuwa madarakani. Mimi naona na faida nyingine. Mtu aliyeteuliwa katika taharuki hapewi nafasi ya kufanya jambo lisilorekebishika. Hasira inalazwa siku tano kwanza.

Msidhani ulikuwa mfumo wa malaika. Mapatrisi walijua kuuchezea. Mwaka 327 KK makonsuli wote wawili walikuwa vitani, akateuliwa dikteta wa kuja kusimamia uchaguzi (dikteta siku hizo alikuwa ofisa wa dharura mwenye kikomo cha miezi sita). Aliitwa Marcus Claudius Marcellus, na hakuwa mpatrisi, alikuwa plebei. Waangalizi wa ndege wakasema uteuzi wake una kasoro. Matribuni, watetezi wa maplebei, wakawauliza swali ambalo mwandishi yeyote wa habari angelionea fahari: konsuli alimteua akiwa kambini, usiku, kimya kimya, ninyi mliokuwa mmekaa Roma hiyo kasoro mmeionaje? Wakaongeza kwamba kasoro yenyewe ni uplebei wake. Hawakusikilizwa. Zikaanza zamu za mainterreksi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa kumi na nne ndiye aliyefanikisha uchaguzi. Piga hesabu mwenyewe ni siku ngapi.

Lakini angalau uchaguzi ulifanyika, na hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wanne aliyeng'ang'ania kiti. Mambo yaliharibika pale mtu mwenye jeshi alipogundua kwamba hahitaji kuuvunja mlango huu. Anaweza kubisha hodi akafunguliwa.

Mwaka 82 KK Sulla alikuwa ameshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe na makonsuli wote wawili wamekufa. Akatoka nje ya mji kidogo, akaliambia baraza la seneti limteue interreksi. Adabu iliyoje! Akateuliwa mzee Lucius Valerius Flaccus, na maseneta wakatumaini kwamba ataitisha uchaguzi wa makonsuli. Flaccus akapokea barua kutoka kwa Sulla: pendekezo langu ni dikteta, asiwe wa miezi sita, awepo mpaka nchi itulie, na kama mnanihitaji mimi nipo. Roma haikuwa na dikteta kwa miaka 120. Flaccus akapitisha sheria hiyo, Sulla akawa dikteta, na Flaccus akawa naibu wake.

Miaka 30 baadaye ikaja zamu ya Lepidus, na huyu ndiye ninayemhurumia. Mwaka 52 KK ulianza bila makonsuli, kwa sababu uchaguzi uliozongwa na rushwa na magenge ulikuwa umekwama. Pompey na tribuni mmoja wakazuia hata uteuzi wa interreksi. Tarehe 18 Januari Clodius, kipenzi cha walalahoi wa mjini, akauawa barabarani na watu wa hasimu wake Milo, aliyekuwa akigombea ukonsuli. Umati ukaibeba maiti mpaka ukumbi wa seneti, ukaichoma humo humo kwa kuni za mabenchi na meza, ukumbi nao ukateketea. Ndipo Marcus Lepidus akateuliwa, interreksi wa kwanza.

Wafuasi wa Clodius na wa wapinzani wa Milo wakaizingira nyumba yake wakitaka uchaguzi ufanyike leo leo, kabla hasira dhidi ya Milo haijapoa. Lepidus akakataa. Wa kwanza hafanyi uchaguzi, ndiyo desturi. Wakavunja mlango, wakaziangusha sanamu za mababu zake, wakavunja kitanda cha mke wake Cornelia na kuharibu vitambaa vilivyokuwa vinafumwa sebuleni. Kilichomwokoa si desturi. Genge la Milo nalo lilifika, nalo likidai uchaguzi, na magenge hayo mawili yakageukiana yenyewe kwa yenyewe.

Siku hizo hizo umati mwingine ulichukua mafungu ya fimbo yaliyotunzwa kwa ajili ya mazishi, ukayapeleka mpaka bustanini kwa Pompey ukimwita mara konsuli, mara dikteta. Karibu miezi miwili ikapita, mainterreksi wakipokezana. Mwishowe seneti, na hata Cato aliyekuwa mpinzani wa Pompey, wakakubali awe konsuli peke yake, kitu ambacho cheo chenyewe kiliundwa kukizuia. Aliyemtangaza alikuwa interreksi, Servius Sulpicius, kwa taratibu zote.

Mwaka 43 KK makonsuli wote wawili walikufa tena, safari hii kutokana na mapigano ya Mutina, mmoja baada ya mwingine kwa siku chache. Cicero alimweleza Brutus kwa barua kwamba interreksi hawezi kupatikana: maadamu yupo ofisa hata mmoja mpatrisi madarakani, ndege hawarudi kwa mababa. Kisheria alikuwa sahihi kabisa. Baadaye Octavian, mtoto wa kupanga wa Julius Caesar, akaelekea Roma na majeshi yake, akitaka ukonsuli. Aliupata mwezi Agosti, akiwa na umri wa miaka 19.