Swichi, poti na vitenzi vya kutafuta hitilafu katika udhibiti wa ufikiaji wa mtandao

swichi nm [i-/zi-] 1. kidude cha kuwashia na kuzimia taa au chombo cha umeme. 2. (Kompyuta) kifaa chenye poti nyingi kinachounganisha kompyuta, printa na simu katika mtandao, na kupeleka kila ujumbe kwenye poti unakostahili kwenda.

poti nm [i-/zi-] 1. tundu la kuchomekea kebo ya mtandao. 2. namba inayotambulisha huduma ndani ya kifaa kinachopokea ujumbe.

Maelezo

Mahali penye udhibiti wa ufikiaji, kompyuta haipati mtandao kwa kuchomekwa kebo tu. Utaratibu wa 802.1X, uliotolewa kwanza na IEEE mwaka 2001, una pande tatu: kifaa kinachoomba kuingia, swichi, na seva ya uthibitishaji. Swichi ni bawabu: humzuia mgeni mlangoni, hupeleka habari zake ndani, kisha hutekeleza jibu linalotoka huko. Mfasiri anayeiita swichi «mthibitishaji» humpotosha fundi, kwa sababu anayeamua ni seva. Swichi na seva huzungumza kwa itifaki ya RADIUS.

Hitilafu inaweza kuwa upande wowote kati ya hizo tatu. Mara nyingi kitenzi kilichotumika katika ripoti ndicho kinachomwonyesha fundi pa kuanzia, na kitenzi kilichofasiriwa vibaya humpeleka kwenye kifaa kisicho na kosa.

Matumizi

*Haijajibu, haikujibu, imekataa.* «Seva haijajibu» humaanisha kwamba swichi bado inasubiri. «Seva haikujibu» humaanisha kwamba muda wa kusubiri umekwisha. «Seva imekataa» ni jambo jingine kabisa: ombi lilifika, likasomwa, likakataliwa. Seva ikikataa, fundi hukagua jina la mtumiaji, nywila, cheti na kanuni za seva. Isipojibu, huanza na mipangilio ya swichi: anwani ya seva, namba za poti na siri ya pamoja. Kimya si dalili ya hakika kwamba seva imezimika. Seva ya RADIUS hulitupa bila jibu ombi linalotoka kwa swichi isiyoitambua. Katika 802.1X, siri ya pamoja isipolingana, ombi hutupwa vivyo hivyo.

*Nywila, siri ya pamoja.* Nywila ni ya mtumiaji. Siri ya pamoja ni ya swichi na seva, na mtumiaji haijui wala haihitaji kuijua. Ripoti ikisema tu «neno la siri si sahihi», msomaji atambadilishia mtumiaji nywila, na tatizo litabaki palepale.

*Thibitisha, idhinisha.* Kuthibitisha ni kuhakikisha kwamba mwombaji ndiye anayejitaja. Kuidhinisha ni kumruhusu na kumwekea mipaka. Kifaa kinaweza kuthibitishwa na bado kisipate kazi yake. Mfano wa kawaida ni huu: seva inakubali na kuiagiza swichi iiweke poti katika VLAN 30, lakini VLAN hiyo haijaundwa kwenye swichi. Hapo uthibitishaji umefaulu, uidhinishaji umeshindikana, na dawa iko kwenye swichi. Kutumia kitenzi kimoja kwa hatua zote mbili hulificha kosa hilo.

*Poti ya 12, poti namba 1812.* Kwa kuwa neno lina maana mbili, tumia kiunganishi «ya» kwa tundu na «namba» kwa huduma. RADIUS hutumia poti namba 1812 kwa uthibitishaji na 1813 kwa kumbukumbu za matumizi. Vifaa vya zamani hutumia 1645 na 1646. Swichi ikituma kwenye 1645 na seva ikisikiliza 1812 peke yake, matokeo ni kimya. Agizo la kubadili idhini baada ya kifaa kuingia hutoka kwa seva kwenda kwa swichi, kwa kawaida kwenye poti namba 3799, ingawa swichi za Cisco zimezoea 1700. Ikiwa kifaa kimeidhinishwa upya lakini kinabaki katika VLAN ya mwanzo, kagua njia hiyo. Neno «bandari» lisitumiwe kwa maana yoyote kati ya hizi.

*Funga, zima.* «Funga swichi» kwa fundi ni kuipachika mahali pake. Kwa mtu mwingine huenda ikawa ni kuikomesha. Andika «pachika» au «sakinisha» kwa maana ya kwanza, na «zima» kwa ya pili. «Zima poti ya 12» huathiri kifaa kimoja, bali «zima swichi» hukata mtandao kwa wote waliounganishwa nayo.

Mifano

Haifai: *Swichi imekataa kuthibitisha kwa sababu bandari imefungwa.*

Inafaa: *Seva haikujibu ombi la swichi, poti namba 1812 imezuiwa na ngome ya mtandao.*

Inafaa: *Kompyuta iliyoko poti ya 12 imethibitishwa, lakini haijaidhinishwa: VLAN 30 haipo kwenye swichi.*

Angalizo kwa wafasiri

Ujumbe wa mfumo ukiwa na utata, tafuta kwanza nani alituma, nani alipokea na jibu lilikuwa lipi. Kiambishi cha nafsi au ngeli katika kitenzi cha Kiswahili kitakulazimisha kumtaja mtendaji. Usikwepe kwa kuandika «imeshindikana» pale ambapo mtendaji anajulikana.