Risasi Nzito na Teke Lake: Silaha za Nguvu Kwenye Mwambao wa Ziwa Victoria

Rivolva ya risasi za .500 Smith & Wesson, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ni kati ya bastola zenye nguvu kuliko zote zinazotengenezwa kiwandani. Risasi yake hutoka mdomoni mwa mtutu na nishati ya jouli 3,500 hivi. Bunduki ya .458 Winchester, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa silaha za askari wa wanyamapori wa Tanzania dhidi ya tembo, nyati na kiboko, hutoa zaidi ya jouli 6,500. Kwa hiyo bastola iliyo kileleni kabisa ni nusu tu ya bunduki ya kazi. Anayetaka kuchagua risasi nzito aanze na tofauti hiyo, kwa sababu mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu "magnum" huisahau.

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, na risasi tano au sita hukaa kila moja katika chumba chake. Risasi yenyewe ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, ganda la shaba nyeupe, baruti iliyomo ndani na fataki inayoiwasha. Majina ya risasi hayana utaratibu mmoja. Namba ya mbele hutaja kipenyo kwa inchi, lakini si kwa uaminifu: .44 Magnum ina kipenyo cha inchi 0.429, na .38 Special hupita katika mtutu uleule wa .357. Uzito wa kichwa huandikwa kwenye boksi kwa greni, ambapo greni 15 na nusu hivi hufanya gramu moja.

Familia za risasi za rivolva zilikua kwa kurefusha ganda. Risasi ya .357 Magnum ya mwaka 1935 ni .38 Special iliyorefushwa; .44 Magnum ya mwaka 1955, iliyotokana na majaribio na ushawishi wa mwandishi wa silaha Elmer Keith wa Idaho, ni .44 Special iliyorefushwa; .454 Casull, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950, imetokana na .45 Colt ya enzi za miaka ya 1870. Urefu uliongezwa kwa makusudi, ili risasi mpya yenye shinikizo kubwa isiweze kuingia katika silinda ya zamani na kuipasua. Faida yake kwa mnunuzi ni kwamba silaha ya risasi ndefu hupokea ile fupi ya familia yake. Mwenye .44 Magnum anaweza kufanya mazoezi kwa .44 Special, na mwenye .357 kwa .38 Special, kisha akapanda ngazi taratibu. Ni sababu nzuri ya kuchagua silaha yenye familia badala ya ile yenye jina kubwa tu.

Teke, yaani silaha inavyorudi nyuma inapopigwa, halina uchawi, ni hesabu. Zidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa kasi yake, ongeza uzito wa baruti mara kasi ya moshi unaotoka, kisha gawanya jumla hiyo kwa uzito wa silaha. Jibu ni kasi ambayo silaha inakurudia. Kichwa cha .44 Magnum cha gramu 15.5 kinachokwenda mita 410 kwa sekunde, katika rivolva ya kilo 1.35, huirudisha kwa kasi ya mita sita hivi kwa sekunde, na nishati ya jouli 25. Bunduki ya .458 yenye uzito wa kilo nne, ikitupa kichwa cha gramu 32 kwa mita 640 kwa sekunde, hurudi kwa kasi hiyohiyo ya mita sita na ushei, ila kwa jouli zaidi ya 80. Bunduki ina kitako kinachogawa pigo begani, na mwili mzima uko nyuma yake. Rivolva ina kiganja na kifundo cha mkono tu. Tena mtutu uko juu ya mshiko, kwa hiyo silaha hairudi moja kwa moja bali hupinduka kuelekea usoni.

Hesabu hiyo ina upande unaowashangaza wengi. Rivolva ndogo ya aloi yenye gramu 350, ikipewa .357 Magnum kamili, hurudi kwa kasi ya mita 13 kwa sekunde na jouli 30. Yaani bastola ya mfukoni humpiga mwenyewe zaidi kuliko .44 kubwa. Muuzaji atasifu wepesi wake, na hakika ni nyepesi kubeba kutwa nzima, lakini uzito ndio dawa ya kwanza ya teke: ukizidisha uzito wa silaha mara mbili, nishati ya kurudi hupungua nusu. Zaidi ya maumivu, katika rivolva nyepesi sana mshtuko unaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizobaki kutoka katika maganda yake. Kimoja kikijitokeza mbele ya silinda, silinda hukwama. Silaha iliyobebwa kwa ajili ya dharura hugeuka chuma kitupu.

Mtu aliyeyaonja haya mpaka mwisho alipita kwenye Ziwa Victoria. Juni 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuka kwa meli kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba, na miongoni mwao alikuwemo mwindaji Frederick Selous, mwenye umri wa miaka 63. Maofisa wa jeshi lao siku hizo walibeba Webley ya .455, rivolva nzito yenye risasi nene lakini ya polepole, isiyofika hata mita 200 kwa sekunde; teke lake linavumilika na mtu yeyote aliyefundishwa. Selous alikuwa amekutana na kubwa kuliko hilo. Katika miaka ya 1870, akiwinda tembo kusini mwa Afrika, alitumia magobole ya kaliba nne, yaani gololi nne za risasi hufanya ratili moja, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 113 hivi. Siku moja bunduki yake ilishindiliwa baruti mara mbili kwa bahati mbaya. Ilipolia ilimtupa chini na kumjeruhi. Aliandika baadaye kwamba silaha zile ziliharibu ujasiri wake wa kulenga, akajuta kuzigusa. Aliuawa vitani Beho Beho, karibu na Rufiji, tarehe 4 Januari 1917.

Kinyume chake ni W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa .275 Rigby, risasi ambayo leo wengi wangeiita ya swala. Bell alilichunguza fuvu la tembo, akajua ubongo ulipo kutoka kila pembe. Simtoi Bell kama kielelezo cha kuigwa: ukikosea kidogo na risasi ndogo, tembo aliyejeruhiwa anabaki na deni, na deni hilo hulipwa na mwanakijiji wa kwanza atakayekutana naye. Ndiyo maana mila ya kazi katika Afrika Mashariki imekaa kwenye .375 Holland & Holland, ya mwaka 1912, kama kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari. Lakini Bell na Selous wakiwekwa pamoja wanaonyesha kwamba nguvu isiyofika mahali pake haina kazi, na kwamba teke ndilo huizuia isifike.

Mwanza ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa hapa ipo Taasisi ya Pasiansi, iliyoanzishwa mwaka 1966, inayofundisha askari wa wanyamapori. Upande wa mashariki, Ghuba ya Speke inapakana na magharibi mwa Serengeti, na tembo hutoka hifadhini kuingia mashamba ya Busega na Bunda. Magharibi ipo Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, yenye viboko na mamba. Katikati ni mialo, mashamba ya mpunga na watu wanaochota maji.

Maji hubadilisha uchaguzi wa risasi. Risasi inayopiga uso wa ziwa kwa pembe ndogo haizami. Huruka na kuendelea mbele, pengine ikielekea mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ambao mpigaji hakuuona. Kadiri ilivyo nzito na ngumu ndivyo inavyokwenda mbali. Mamba ana ubongo mdogo nyuma ya macho, na mwili wake uliobaki hauna mahali pa uhakika pa kumzuia papo hapo. Kiboko aliyeuawa majini huzama, akaelea baadaye gesi zikimjaa tumboni, na askari hulazimika kusubiri akijua au asijue kama alimpata. Kwa ngozi na mifupa ya kiboko inatakiwa risasi ngumu isiyotanuka, inayopenya moja kwa moja. Hakuna rivolva ninayoweza kuipendekeza kwa kazi hii. Gobole la kienyeji ndiyo kabisa: baruti yake hukadiriwa kwa jicho, kwa hiyo teke lake halitabiriki, na mtutu wake ukipasuka hupasukia usoni.

Kulihimili teke kunafundishika. Nusu ya kushtuka hutokana na kelele: silaha za magnum hupita desibeli 150, wakati sikio huweza kuumia papo hapo kwa 140. Vizibo vya masikio na vifuniko juu yake vivaliwe hata kwa risasi moja. Mtutu wenye matundu ya kutolea moshi pembeni hupunguza teke, lakini huongeza kelele kwa mpigaji na zaidi kwa aliyesimama kando.

Rivolva ishikwe kwa mikono miwili, juu kabisa ya mpini, viwiko vikiwa vimelegea kidogo na uzito wa mwili ukiegemea mbele. Vidole vikae mbali na mwanya kati ya silinda na mtutu, kwa sababu katika rivolva za .460 na .500 moshi unaotoka hapo hukata nyama. Bunduki ibanwe begani bila kuacha nafasi, kwa sababu kitako kilicholegea hupata mwendo kabla ya kukugusa. Risasi nzito zipigwe kwa kusimama, mwili upate kuyumba nazo. Anayelala chini hupokea pigo lote bila kuyumba. Darubini iliyowekwa karibu mno na jicho huacha alama ya nusu mwezi juu ya nyusi, na aliyeipata hawezi kuificha kwa wenzake.

Zoezi linalofichua kushtuka ni rahisi. Mwenzako akujazie silinda kwa kuchanganya risasi za kweli na maganda matupu, nawe usijue mpangilio. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mtutu ukachovya chini, wewe ndiye uliyeusukuma. Rudi kwenye risasi nyepesi, piga chache kwa siku, na uache kabla mkono haujachoka. Kupiga .454 hamsini kwa mkupuo mmoja hakumkomazi mtu, humfundisha kuogopa.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha ya raia hubebwa kwa leseni, na leseni ya bastola ya kujilinda haimfanyi mtu kuwa askari wa wanyamapori. Unayeishi Sengerema, Ukerewe au Busega, ukimwona kiboko au tembo shambani, mpe nafasi, waondoe watoto, na utoe taarifa kwa serikali ya kijiji, ofisa wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Bastola iache kibindoni.